Chupa moja ya tini, ngozi tatu

SWALI: Kaka yangu aliniletea kutoka Muscat marashi ya tini. Boksi limeandikwa jani la tini, pilipili manga, iliki, karafuu, ubani na labdanamu. Nikijipulizia mimi nanukia majani mabichi na pilipili, halafu saa moja na nusu haifiki yamekwisha, na kinachobaki ni kitu kama bizari. Wifi yangu akichukua chupa hiyohiyo ananukia tui la nazi na ubani mpaka usiku, watu wanamuuliza amevaa nini. Mume wangu aliyapulizia kifuani na kwenye kanzu akienda Ijumaa, tukasikia moshi na ngozi ya kiatu, tini haipo kabisa. Nina mtoto wa miezi minne, nanyonyesha. Nyumbani nafukiza kila Alhamisi jioni. Shangazi anasema damu yangu haikubali marashi. Ni kweli? Na je, ninunue ile chupa yao nyingine yenye nguvu zaidi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Dada yangu, shangazi apewe heshima yake, lakini damu haimo katika kesi hii. Marashi yanakaa juu ya ngozi na yanaondoka kwa kupaa hewani. Na kwa kuwa nyote watatu mmetumia chupa moja, wazo la kwamba kaka aliuziwa feki nalo tuliweke pembeni.

Ninavyoona mimi, marashi hayo hayakugeuka kuwa kitu kingine kwa yeyote kati yenu. Yana tabaka kadhaa, na kila tabaka lina mwendo wake wa kuondoka. Wewe unasikia tabaka la juu, wifi la katikati na la chini, mume wako la chini peke yake. Ungechukua marashi ya waridi tupu tofauti isingekuwa kubwa hivyo. Tini yenye viungo na ubani ndiyo inayoumbua watu, kwa sababu juu ni mbichi na nyepesi mno, chini ni nzito mno, na ngozi ndiyo inayoamua utakaa wapi zaidi.

Tuanze na tini yenyewe. Tini ya kwenye chupa haitoki kwenye tunda. Tini kavu, zile zinazojaa madukani Ramadhani, ni tamu mdomoni lakini puani hazina makubwa, na hazitoi mafuta ya kutengenezea marashi. Kinachopendwa ni harufu ya mti: jani lililosuguliwa, utomvu mweupe wa kwenye kikonyo, gamba lililopigwa na jua. Zamani jani lilikamuliwa kweli, lakini leo kiini cha jani la mtini kimepigwa marufuku katika viwango vya IFRA, chama cha kimataifa cha viwanda vya manukato. Sababu ni furanokumarini, kemikali zilizomo ndani yake: zikikaa kwenye ngozi kisha jua likapiga, ngozi inaungua na kubaki na mabaka meusi. Wachumaji wa tini wanalijua hilo kwa mikono yao. (Kwa hiyo ukibahatika kupata mti wa mtini, nusa jani, usijisugulie shingoni.)

Basi tini hujengwa maabara. Aliyefungua njia ni Olivia Giacobetti, mtunzi wa marashi wa Ufaransa, alipotoa Premier Figuier kwa kampuni ya L'Artisan Parfumeur mwaka 1994, kisha Philosykos kwa Diptyque mwaka 1996. Tini nyingi unazokutana nazo madukani leo ni wajukuu wa hizo mbili. Ndani yake kuna nguzo mbili. Ya kwanza ni ubichi: kuna kemikali iitwayo stemone, ambayo ukiinusa peke yake unaona jani la mtini limevunjwa mbele yako, pamoja na zile harufu za nyasi zilizofyekwa asubuhi. Ya pili ni maziwa: kemikali ziitwazo laktoni, hasa gama-oktalaktoni na gama-nonalaktoni, ambazo pua ya Mswahili itaziita tui bila kuambiwa. Ubichi unaondoka mapema. Laktoni zinakaa.

Sasa viungo. Pilipili manga na iliki ni za dakika za mwanzo. Zinakuja kwa kishindo na kuaga. Karafuu ina tabia nyingine. Mafuta yake kwa sehemu kubwa ni kemikali iitwayo eugenoli, nayo haina haraka, inaweza kubaki kwenye ngozi saa kadhaa na ndiyo inayounganisha juu na chini.

Kwenye ubani ndipo wengi wetu tuliokulia nyumba za chetezo tunapopotea. Ubani tunaoujua sisi ni moshi: tone la ubani juu ya kaa la moto, limeyeyuka, limeungua nusu. Ubani wa kwenye marashi mara nyingi ni mafuta yaliyotolewa kwa mvuke, hayajapita kwenye moto, na yamejaa kemikali nyepesi, alfa-pineni na jamaa zake. Harufu yake ni ya ndimu na msonobari, na ukali kidogo wa pilipili. Na sehemu hiyo inapaa mapema! Inayobaki ni ndogo lakini ndiyo yenye heshima: mwaka 2016 wakemia wa Nice, Ufaransa, walitenga asidi mbili zilizomo kwenye ubani kwa kiasi kidogo mno, na hizo ndizo zinazobeba ile harufu nzito, kavu, ya jengo la ibada lililofukizwa miaka na miaka. Maana yake kwako ni hii: ile unayoiita pilipili huenda nusu yake ni ubani. Unausikia, ila haujavaa sura unayoijua.

Chini kabisa kuna labdanamu, utomvu unaonata wa kichaka cha Cistus, kinachoota Hispania na kwingineko kando ya Mediterania. Rangi yake ni kahawia iliyokolea. Unanukia asali, ngozi ya kiatu kipya, na moshi kwa mbali. Huo hauendi popote. Ukiupaka usiku, asubuhi upo.

Ukishayajua hayo, ngozi zenu zinajieleza zenyewe. Harufu nyingi za marashi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ngozi yenye mafuta huzishika na kuziachia polepole, jinsi mafuta ya kikaangoni yanavyoshika harufu ya kitunguu hata baada ya kitunguu kutolewa. Ngozi kavu haina cha kuzishikia. Alkoholi inapaa, ubichi na pilipili vinafuata nyuma yake, laktoni zinajikongoja, basi. Hukuniambia unaoga na nini, lakini kwa mwendo huo wa saa moja na nusu nahisi unatumia sabuni ya dawa au sabuni ya kipande yenye ukali, na ukitoka bafuni hujipaki kitu mikononi wala shingoni kwa sababu ya joto. Wifi yako, naweka dau, anajipaka mafuta ya nazi.

Na mafuta ya nazi hapa yanafanya kazi mbili. Yanashika marashi, halafu yanaongeza harufu ya upande uleule. Mafuta ya nazi yasiyosafishwa yana laktoni zake yenyewe, ndugu wa zile za kwenye tini. Kwa hiyo lile tui analonukia wifi, sehemu yake inatoka kwenye chupa na sehemu inatoka kwenye kopo la mafuta. Mpe losheni isiyo na harufu wiki moja, utaona tui linapungua na tini inajitokeza.

Utasikia pia watu wakizungumzia pH ya ngozi, yaani kipimo cha asidi yake, kana kwamba ndiyo siri kuu. Mimi naiona ni hoja dhaifu. Ngozi yenye afya ni ya asidi kidogo kwa kila mtu, na tofauti kati ya mmoja na mwingine si kubwa kiasi cha kuligeuza jani la tini kuwa ngozi ya kiatu. Hoja ya rangi nayo inauzwa sana madukani, kwamba ngozi nyeusi hushika marashi kuliko nyeupe. Melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, haishiki harufu. Watu wa kwetu wanasifiwa kwa sababu wanajipaka mafuta baada ya kuoga, na hata Mzungu akijipaka atapata sifa hiyohiyo.

Joto ni jambo jingine kabisa, na halina ubishi. Ngozi yenye joto inavukisha haraka. Februari ya Tanga, mtu ametoka jikoni, tabaka la juu linaweza kumaliza safari yake kabla hajafika mlangoni, na kinachofika kwa watu ni karafuu na labdanamu. Peleka chupa hiyohiyo kwa ndugu aliye Uingereza mwezi Januari, atakuandikia kwamba tini yake ni mbichi na inakaa, ila ubani haupo, kwa sababu kwenye baridi vile vizito vinajificha chini ya koti. Nyote mtakuwa mnasema kweli.

Twende kwa mume wako. Kanzu ya Ijumaa, katika nyumba inayofukizwa kila Alhamisi jioni. Dada, kanzu hiyo ilikuwa na udi na ubani kabla ya yeye kugusa chupa! Moshi wa udi una harufu zake za ukali wa kuungua, nazo hukaa kwenye pamba siku nyingi hata kama pua yako haizitambui tena. Tini imepuliziwa juu ya hapo: ubichi wake umefunikwa, labdanamu imekutana na mwenzake, mkasikia moshi na ngozi. Kifuani napo kuna vinyweleo na joto la mwili chini ya nguo. Vinyweleo vinatanua eneo la kuvukiza, na sehemu ya juu inaondoka upesi zaidi. Kama unataka kujua tini inakaaje kwake, apulizie mkononi, upande wa ndani chini ya kiwiko, siku ya Jumatatu akiwa amevaa shati lililofuliwa na halijapita karibu na chetezo.

Nimeiacha bizari makusudi, kwa sababu imenivutia kuliko yote. Umesema unanyonyesha. Unakunywa uwatu? Wazazi wengi wa pwani hupewa, kwenye uji au kwenye supu, ili maziwa yapatikane. Uwatu una sotoloni, harufu yenye nguvu sana, ambayo kwa kiasi kidogo inanukia sukari iliyoungua na kwa kiasi kikubwa inanukia bizari. Inapita mwilini na kutoka kwenye jasho na kwenye mkojo, jambo linalojulikana vizuri hospitalini. Kama unakunywa, basi marashi yako ya tini yakishapaa, jasho lako linabaki linazungumza, na karafuu iliyobaki kwenye ngozi inalisindikiza. Karafuu na sotoloni pamoja zinaleta jiko la pilau. Harufu hiyo ya uwatu haina madhara, wala si dalili ya ugonjwa, na ukiacha uwatu itakwisha yenyewe. Kama umeagizwa unywe kwa ajili ya mtoto, endelea, marashi yatasubiri.

Kwa ajili ya huyohuyo mtoto, usipulizie kifuani wala shingoni kipindi hiki. Kichanga anamtambua mama kwa harufu yake, na uso wake unakaa hapohapo anaponyonya. Kupuliza kwenye pindo la nguo au nyuma ya magoti kunatosha.

Sasa kuna nusu ya mambo ambayo haiko kwenye ngozi hata kidogo, iko puani. Umesema marashi yanakwisha. Nani kasema? Ni wewe, ukijinusa mwenyewe. Pua huzoea. Harufu inayokaa nayo karibu muda wote huacha kuitolea taarifa, na anayekaa wiki nyingi katika nyumba yenye harufu fulani huhitaji kipimo kikubwa zaidi ndipo aitambue. Wewe unafukiza ubani kila wiki, mapazia yako yananukia ubani, shuka linanukia ubani. Kila ukinusa mkono wako pua inaruka ubani kama kitu cha kawaida na kukuletea kilicho kigeni kwake, yaani jani bichi na pilipili. Wifi yako nyumbani kwake hafukizi? Kama hafukizi, hiyo ni sababu ya pili kwa nini mnatoa majibu tofauti. Mgeni akiingia kwako na kukunusa saa tatu baada ya kujipulizia, nina hakika atakuta kitu.

Tena pua zenyewe hazikuumbwa sawa. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu (Linda Buck na Richard Axel walipata Nobel mwaka 2004 kwa kuzivumbua jeni zake), na vipokezi hivyo vinatofautiana kati ya mtu na mtu. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba tofauti katika kipokezi kimoja, OR7D4, huchangia sana kuwafanya watu wagawane juu ya androstenoni, harufu iliyomo kwenye jasho: wengine huona ni mkojo, wengine huona ni utamu kama vanila, na wengine hawasikii chochote. Miski za maabara, ambazo huwekwa chini ya marashi mengi ya siku hizi, zina kisa kama hicho. Wapo wasiosikia miski fulani hata ukiwapakaza. Mtu wa namna hiyo atasema marashi ni mepesi huku mwenzake anaomba dirisha lifunguliwe.

Kwa hiyo fanya jaribio kabla hujatoa hukumu. Oga kwa sabuni isiyo na manukato. Mkono mmoja, chini ya kiwiko, paka mafuta ya mgando kidogo tu, yatandazwe mpaka yasionekane. Mkono wa pili uuache mkavu. Pulizia mara moja kila mkono kwa umbali wa kiganja. Usisugue. Wanaosema kusugua kunavunja harufu wametia chumvi, lakini kunatia joto, na joto linalifukuza jani la tini ulilolilipia. Kisha mwite wifi, asijue mkono upi una mafuta, anuse baada ya dakika kumi, baada ya saa moja na baada ya saa nne. Wewe uwe unaandika anachosema. Nategemea mkono mkavu utashinda dakika ya kumi kwa ubichi, na mkono wa mafuta utashinda saa ya nne kwa mbali sana.

Kama matokeo ndiyo hayo, mavazi yako ya tini yatakuwa hivi: mafuta ya mgando mahali utakapopulizia, marashi juu yake, na mpulizo mmoja kwenye nguo. Nguo ni hazina kwa marashi ya aina hii, maana haina joto la mwili wala jasho, na jani bichi linakaa juu ya pamba muda ambao ngozi haiwezi kukupa. Pindo la ndani la buibui, ncha ya mtandio, kanga ya kutokea. Usipulizie nguo nyeupe kwa karibu, labdanamu huacha doa la manjano ambalo sabuni hailiwezi. Na hiyo nguo isiwe imefukizwa. Chagua: leo udi, kesho tini. Kuvirundika pamoja ni kuipoteza tini, kama alivyoipoteza bwana.

Neno moja kuhusu viungo. Eugenoli ya karafuu na sinamali ya mdalasini zimo kwenye orodha ya vitu 26 ambavyo sheria ya Ulaya iliviamuru tangu 2005 vitajwe kwenye lebo, kwa sababu baadhi ya watu huwapa mzio, na orodha hiyo ikaongezwa mwaka 2023. Ngozi kavu iliyopasukapasuka inawashwa upesi zaidi. Ukiona wekundu au vipele mahali ulipopulizia, hamia kwenye nguo moja kwa moja na usilazimishe.

Usimwonee wifi wivu pia. Watafiti wa Prague mwaka 2012 waliwapa watu wanuse majasho yaliyochanganywa na marashi. Mchanganyiko wa mtu na marashi aliyojichagulia mwenyewe ulipendwa kuliko mchanganyiko wake na marashi aliyopangiwa, ingawa marashi yenyewe yakinuswa peke yake hayakuachana kwa uzuri. Basi kama wewe unayapenda hata yanapokuwa majani na pilipili tu, shikilia hapo. Hilo lina uzito kuliko maswali ya watu wanaomfuata wifi.

Na ile chupa yenye nguvu zaidi? Usiagize kabla ya kuijaribu. Wengi hudhani ni marashi yaleyale yaliyokolezwa, kumbe mara nyingi mtunzi hubadilisha vipimo vyenyewe: huzidisha labdanamu na karafuu ili yakae, hupunguza jani la tini kwa sababu haliongezi muda. Ukinunua hiyo utapata kile alichonukia mume wako Ijumaa, na kwa bei kubwa zaidi. Mwambie kaka atakaporudi Muscat akuombee kichupa cha kuonjea, ukijaribu mkono wa mafuta na mkono mkavu kama nilivyokueleza, na kama unakunywa uwatu, ufanye hivyo baada ya kuuacha.